Nchi Kavu Kwanza, Meli Baadaye: Namna ya Kupanga Mzunguko wa Ziwa kwa Kupitia Kamanga

Kila mwaka, hasa likizo za Juni na Desemba zinapokaribia, familia nyingi hupanga kusafiri kwa meli ya usiku kati ya Mwanza na Bukoba. Wengine wanatoka Dar es Salaam, Arusha au Nairobi, wengine wanarudi nyumbani kutoka ughaibuni na watoto ambao hawajawahi kuliona Ziwa Victoria. Wengi wao huifanya meli kuwa safari nzima: wanashuka kwenye ndege au basi asubuhi, wanazunguka mjini mchana kutwa, usiku wanapanda. Asubuhi wanaamka upande wa pili wakiwa wamevuka ziwa kubwa kuliko yote Afrika bila kuwajua watu wanaoishi kandokando yake, wanachokula, wala waliyoyapitia kwa ajili ya maji hayo.

Ushauri wangu ni huu: kabla ya meli, tenga siku nne hadi sita za kuzunguka kwa gari. Tembea nchi kavu kwanza, meli iwe hitimisho. Ukifanya hivyo, taa utakazoziona usiku kutoka sitahani zitakuwa na majina, kwa sababu utakuwa umekula na kulala huko zinakowaka. Ila mzunguko wa namna hii una sharti moja, nalo ndilo litakaloongoza kila ninachokieleza hapa: upangwe kuanzia mwisho. Meli haimsubiri aliyekwama Bunda.

Anza na saa ya meli, kisha rudi nyuma

Kabla hujachagua hoteli wala gari, hakikisha siku na saa ya meli. Ratiba za ziwani hubadilika. Meli huingia matengenezo, safari huongezwa wakati wa sikukuu, hali ya hewa nayo huweza kuahirisha safari. Usitegemee alichokuambia ndugu aliyesafiri mwaka jana. Piga simu kwa Kampuni ya Meli Tanzania, TASHICO, ambayo zamani ilijulikana kama MSCL, au mtume mtu wa Mwanza unayemwamini aende ofisi ya tiketi bandarini. Uliza mambo manne: meli gani itasafiri siku hiyo, inaondoka gati lipi, abiria wanatakiwa kufika saa ngapi, na vyumba vya kulala vilivyobaki ni vingapi.

Swali la meli gani lina uzito wake. MV Victoria ilianza kazi ziwani mwanzoni mwa miaka ya 1960, ikasimama kwa miaka kadhaa, ikafanyiwa ukarabati mkubwa na kurudi majini mwaka 2020, ikiwa na uwezo wa kubeba abiria 1,200 na tani 200 za mizigo. MV Mwanza, iliyoundwa katika bandari ya Mwanza Kusini, ni kubwa zaidi: ina urefu wa mita 92.6 na imeundwa kubeba abiria 1,200, tani 400 za mizigo, magari madogo 20 na makubwa matatu. Kwa mwenye gari, tofauti hiyo inabadilisha mpango mzima. Ikiwa meli ya siku yako haichukui magari ya abiria, lazima ujue mapema gari litabaki wapi au nani atalirudisha.

Kata tiketi ya kulala mapema, hasa kama una wazee au watoto. Daraja la kukaa linamfaa kijana mwenye mgongo imara, lakini baada ya siku nne za barabara, kitanda ndicho kitakachokufanya ushuke asubuhi ukiwa na nguvu.

Angalia pia namna saa ilivyoandikwa. Tiketi yenye 21:00 ina maana ya saa tatu usiku. Ndugu anayetoka ughaibuni akiambiwa kwa simu "meli ni saa tatu" anaweza kuelewa saa tatu ya alikozoea, yaani saa tisa kwa hesabu yetu. Mwandikie ujumbe wenye saa zote mbili, uondoe utata.

Siku ya akiba haiguswi

Ukishajua saa ya meli, rudi nyuma siku nzima moja. Siku hiyo ulale katika mji wa bandari unayopandia. Hiyo ndiyo siku ya akiba, na akiba haiozi. Usiipe shughuli yoyote iliyo mbali zaidi ya mwendo mfupi wa bajaji. Pancha, mvua iliyoharibu barabara ya vumbi, feri iliyochelewa kwa sababu ya magugu maji, mtoto aliyeamka na homa: yote haya yatamezwa na siku hiyo bila kuikosesha familia meli.

Kisha pangilia siku zilizobaki kwa kanuni nyepesi kukumbuka. Mambo ya mbali na yasiyo na uhakika yaje mwanzo, ya karibu na ya uhakika yaje mwisho. Hifadhi ya wanyama, visiwa na barabara za vumbi ziwe siku za kwanza. Makumbusho, masoko na fukwe za mjini ziwe siku za mwisho. Wengi hufanya kinyume. Wanaanza na mji kwa kuwa ndiko walikofikia, halafu siku moja kabla ya meli wanakimbilia Serengeti. Hapo ndipo watu wanapoendesha gari usiku kwa mwendo wa hatari wakiwahi gati.

Usiweke zaidi ya saa nne za barabara kwa siku moja. Ramani ya simu itakuambia Mwanza hadi Musoma ni kilomita kama 220, nawe utadhani ni saa tatu. Ongeza vituo vya kula, vijiji vyenye alama za mwendo wa kilomita 50 kwa saa na askari wa usalama barabarani wanaozisimamia, ng'ombe wanaovuka na watoto wanaotoka shule. Anayeheshimu sheria na watu wa kando ya barabara hafiki kwa saa tatu.

Chagua upande mmoja

Kosa kubwa la kupanga ni kutaka kulizunguka ziwa lote. Ziwa Victoria lina ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 68,800, na nchi tatu zinagawana pwani yake. Huwezi kulimaliza kwa wiki moja, na hakuna haja. Chagua mashariki au magharibi.

Kama meli yako inaondoka Mwanza kwenda Bukoba, zunguka mashariki kwanza: Kisesa, Magu, Lamadi, Bunda, Butiama, Ukerewe, kisha rudi Mwanza upande meli. Utakuwa umeona mashariki kwa gari, na meli itakupeleka magharibi. Kama unapenda kuishia Mwanza, zunguka magharibi: vuka Kamanga, pita Sengerema, Geita, Chato na Muleba hadi Bukoba, kisha meli ikurudishe. Kwa namna zote mbili hutarudia njia uliyopita.

Mashariki: Bujora, Ndabaka, Butiama, Ukerewe

Ingawa njiani utapita Kisesa siku ya kwanza, iache Bujora iliyoko hapo kwa siku ya kurudi, kwa kuwa iko karibu na mji. Siku ya kwanza ondoka alfajiri moja kwa moja hadi Lamadi, mji mdogo wa barabarani karibu na lango la Ndabaka la Hifadhi ya Taifa ya Serengeti. Watu wengi hawajui kwamba Serengeti ina lango kwenye barabara kuu ya Mwanza na Musoma, wala kwamba ukanda wa magharibi wa hifadhi hiyo unafika karibu na ziwa. Malango hufunguliwa saa 12 asubuhi na kufungwa saa 12 jioni. Lala Lamadi, uingie alfajiri ya siku ya pili.

Mkiwa ndani, msijilazimishe kufika Seronera na kurudi siku hiyohiyo. Ni mbali, na mtautumia mchana wote kuangalia vumbi. Bakini ukanda wa magharibi, upande wa Mto Grumeti na Kirawira, wenye viboko, mamba, twiga na ndege wengi. Makundi ya nyumbu kwa kawaida hupita ukanda huo kati ya Mei na Julai, ingawa mvua ndizo zinazoamua. Kiingilio hulipwa kwa namba ya malipo ya serikali kupitia simu au benki, si kwa fedha taslimu mkononi. Chukueni vitambulisho, kwa sababu raia wa Afrika Mashariki wana kiwango chao, na asiye na kitambulisho anaweza kushindwa kuthibitisha haki yake.

Siku ya tatu nendeni Butiama. Huko, Mwitongo, ndiko alikozaliwa Mwalimu Julius Nyerere tarehe 13 Aprili 1922, na ndiko alikozikwa baada ya kufariki tarehe 14 Oktoba 1999. Kuna makumbusho, nyumba za familia na kaburi lake. Nendeni na watoto, mkae nao chini kwanza muwaeleze wanakwenda kwa nani. Mavazi yawe ya heshima, na mpiga picha aombe ruhusa, kwa kuwa pale ni nyumbani kwa watu kabla ya kuwa kivutio. Kwa usiku, Bunda inafaa kuliko kurudi mbali.

Kutoka Bunda barabara inakata kwenda Kisorya, ambako kivuko huvusha watu na magari hadi Rugezi, kisiwani Ukerewe. Nansio ni mji unaotembeleka kwa baiskeli. Machungwa ya Ukerewe yana sifa Mwanza nzima, na sato wa kuchoma kwa ugali wa muhogo ni chakula cha kukaa nacho bila haraka. Kama kuna msomaji wa vitabu katika familia, mwambieni kwamba Aniceti Kitereza, aliyeandika riwaya ya Myombekere na Bugonoka kwa Kikerewe mwaka 1945, alikuwa mtu wa kisiwa hiki. Toleo la Kiswahili, alilolitafsiri mwenyewe, lilitoka mwanzoni mwa miaka ya 1980, naye akafariki mwaka 1981. Asomaye kitabu hicho kabla ya safari ataviangalia vijiji vya Ukerewe kwa macho mengine kabisa.

Hapo Ukerewe una uamuzi wa kufanya. Unaweza kurudi na gari kwa njia ya Kisorya, au mkamwachia dereva gari arudi nalo huku ninyi mkipanda meli ya kutoka Nansio hadi Mwanza mchana. Kwa mtu asiyewahi kupanda meli, napendekeza hii ya pili. Saa chache za mchana zitakuonyesha kama tumbo lako linaelewana na mawimbi, na utajua kama unahitaji dawa ya kichefuchefu kabla ya usiku mzima wa kwenda Bukoba. Hakikisha tu siku hiyo kuna meli kabla dereva hajaondoka na gari.

Siku inayofuata, mkiwa mmelala Mwanza, ndipo mwende Kisesa kwa nusu siku. Makumbusho ya Wasukuma ya Bujora yalianzishwa na Padri David Clement, mmisionari kutoka Kanada aliyejifunza kwa Wasukuma na kuingiza sanaa yao ndani ya kanisa. Utakuta nyumba ya ngoma za watemi, vifaa vya wahunzi na waganga, na maelezo juu ya vyama viwili vikubwa vya ngoma, Bagika na Bagalu, ambavyo bado hushindana uwanjani. Ukibahatika kufika Juni wakati wa Bulabo, tamasha linaloambatana na sikukuu ya Ekaristi, utaona wacheza ngoma wakiwa na chatu au fisi mikononi na umati ukiamua nani ameshinda. Chukua mwongozaji wa pale na umlipe vizuri. Bila yeye utaona vitu. Ukiwa naye utasikia habari za vitu hivyo. Ukifika asubuhi, salimia "mwangaluka". Mzee wa Kisukuma atakuitikia kwa furaha na mazungumzo yatafunguka.

Magharibi: kuvukia Kamanga

Tangu tarehe 19 Juni 2025, Daraja la John Pombe Magufuli lenye urefu wa kilomita tatu linaunganisha Kigongo, wilaya ya Misungwi, na Busisi, wilaya ya Sengerema. Hadi siku hiyo magari ya barabara kuu yalitegemea vivuko, na foleni yake iliweza kula saa nyingi. Leo gari linavuka kwa dakika chache. Basi kuna sababu gani ya kupita Kamanga?

Sababu ya kwanza ni kwamba feri ya Kamanga inaondokea katikati ya jiji. Huhitaji kushuka hadi Usagara na Kigongo ndipo uanze kuelekea magharibi. Sababu ya pili ni kuona. Gati la Kamanga liko karibu na Jiwe la Bismarck, na feri inapoondoka unaiona Mwanza kama wavuvi wanavyoiona: nyumba zimepanda juu ya mawe hadi kileleni, mitumbwi inaingia na kutoka, jiji linarudi nyuma polepole. Kuvuka Ghuba ya Mwanza huchukua takriban nusu saa. Ng'ambo utashukia kijiji cha Kamanga, ambako kina mama huuza samaki wa kukaanga, na barabara inaanza kuelekea Sengerema.

Wenye gari wafike mapema, kwa kuwa nafasi za magari hujaa, hasa asubuhi na jioni na siku za gulio. Abiria hushuka kwenye gari kabla halijapanda na kuingia kwa miguu. Dereva peke yake hubaki nalo. Ulizia siku moja kabla hali ya barabara ya Kamanga hadi Sengerema, hasa msimu wa mvua, na ulizia pia safari ya mwisho ya feri. Kama upepo ni mkali, au umechelewa, nenda darajani bila kusita. Uzuri wa mpango huu ni kwamba sasa una njia mbili, na moja haiwezi kukukwamisha.

Baada ya Sengerema, Geita ni mji wa dhahabu. Pumzika, kula, endelea. Uzito wa njia hii uko Chato na kisiwa cha Rubondo. Rubondo imekuwa hifadhi ya taifa tangu mwaka 1977, na sehemu kubwa yake ni msitu. Kati ya mwaka 1966 na 1969, Bernhard Grzimek na Shirika la Wanyama la Frankfurt walileta kisiwani sokwe 17 waliokuwa wakiishi kifungoni Ulaya, wakawaachia huru. Vizazi vyao vinaishi msituni hadi leo bila msaada wa binadamu. Kuna nzohe, swala wa majimaji asiyeonekana kirahisi kwingine, kuna tembo na twiga waliopelekwa, na tai wavuvi kila mahali. Hifadhi inafikiwa kwa boti, kutoka Kasenda upande wa Chato au Nkome upande wa Geita. Panga boti na malazi na mamlaka ya hifadhi za taifa, TANAPA, mapema kwa simu, na upe kisiwa usiku mmoja kamili. Ukienda kwa saa chache utalipia boti na usione msitu.

Kutoka Chato mnapita Biharamulo na Muleba kuelekea Bukoba. Ukikaribia Muleba nchi inabadilika: migomba inafunika nyumba, kahawa inaanikwa uani, hewa inapoa. Bukoba ipewe siku mbili, ya pili ikiwa ile ya akiba. Nenda katika Kanisa Kuu alikozikwa Laurean Rugambwa, Mwafrika wa kwanza kufanywa kardinali, mwaka 1960. Nenda Katuruka, ambako watafiti wamechimbua mabaki ya uyeyushaji wa chuma wa zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Ukifika Novemba au Desemba, senene watakuwa sokoni; nunua waliokaangwa na kukaushwa vizuri ili wafike salama. Meli ya kurudi Mwanza hupita Kemondo kupakia mizigo na abiria, kwa hiyo usishangae ikisimama baada ya kuondoka Bukoba.

Gari, dereva na mfuko

Kwa kundi la watu sita au saba, Noah au gari lingine la kukodi pamoja na dereva wa Mwanza ni nafuu kuliko linavyoonekana, ukigawa gharama. Kwa Serengeti na barabara za vumbi wakati wa mvua, tafuta gari lililo juu na linalovuta kwa magurudumu yote. Andikianeni mambo haya kabla ya kulipa: nani anajaza mafuta, dereva anakula na kulala kwa fedha ya nani, nani analipa feri na kiingilio cha gari, na dereva atarudi vipi mtakapopanda meli. Kagua spea, jeki na bima wewe mwenyewe. Madereva wazuri hawachukii kukaguliwa.

Asiye na gari asikate tamaa. Mabasi na hiace za kwenda Musoma na Bunda zipo kila siku kutoka upande wa mashariki wa jiji, na za kwenda Geita na Bukoba huanzia Nyegezi. Mzunguko utachukua siku moja au mbili zaidi, na hifadhi utaiingia kwa gari la kukodi la siku moja kutoka Lamadi.

Gawa bajeti katika mafungu matatu: yaliyolipwa kabla ya kuondoka, yaani tiketi za meli, gari na malazi ya usiku wa kwanza na wa mwisho, ya kila siku, yaani chakula, mafuta, vivuko na viingilio, na fungu la dharura lisiloguswa. Uwe na fedha taslimu kwa visiwa na vijiji, maana mtandao wa simu hukatika hukatika na wakala huishiwa salio.

Maji yanayopendeza na yanayodhuru

Hapa naomba msomaji mzazi asome taratibu. Kichocho kimeenea sana kando ya Ziwa Victoria, na Mwanza na Ukerewe ni kati ya maeneo yaliyoathirika zaidi. Vimelea hutoka kwa konokono wanaoishi kwenye maji ya kina kifupi yenye majani, na hupenya ngozi ya mtu aliyesimama majini kwa dakika chache tu. Hakuna jeraha linalohitajika. Kwa hiyo watoto wasichezee maji ya ufukweni, hata kama watoto wa pale wanaogelea. Kama mtu ameingia majini, ajifute haraka kwa taulo, na baada ya wiki sita hadi nane aende kupima. Dawa yake, prazikwanteli, ipo na hutibu vizuri, lakini lazima ugonjwa utambuliwe kwanza. Kumbukeni pia mamba na viboko: usichote maji wala kunawa kwenye mwalo usioujua, hasa jioni.

Malaria ni ya kweli katika mikoa yote ya mzunguko huu. Wanaotoka ughaibuni wamwone daktari kabla ya safari kwa dawa za kinga, na kila mtu alale ndani ya chandarua. Homa yoyote ipimwe siku hiyohiyo. Isisubiri kufika Bukoba.

Kabla hujapanda

Ukielekea Kisesa utapita Igoma. Simama. Hapo wamezikwa wengi wa waliokufa katika ajali ya MV Bukoba, iliyozama asubuhi ya tarehe 21 Mei 1996 ikitoka Bukoba kupitia Kemondo, ikiwa imekaribia Mwanza. Watu zaidi ya 800 walipoteza maisha. Meli ilibeba watu wengi kupita uwezo wake, na familia nyingi hazikuweza kuthibitisha kwa orodha yoyote kwamba mtu wao alikuwamo. Miaka 22 baadaye, tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilichotakiwa kubeba watu 101 kilipinduka karibu kabisa na gati la Ukara, na watu 228 wakafa.

Siyataji haya ili kumtisha mtu. Usafiri wa ziwani unasimamiwa na Shirika la Uwakala wa Meli, TASAC, na uwezo wa kila chombo unajulikana. Nayataja kwa sababu abiria naye ana wajibu. Safiri kwa jina lako halisi na kitambulisho chako, usinunue tiketi ya mtu mwingine getini. Ukiona watu wanaendelea kupandishwa baada ya nafasi kwisha, shuka, hata kama umeshalipa. Hapo ndipo siku ya akiba na fungu la dharura vinapoonyesha thamani yao: mwenye navyo anaweza kushuka, asiye navyo anajilazimisha kubaki.

Ukishapanda, fanya mambo haya kabla ya kutafuta chai. Waonyeshe watoto maboya ya kujiokolea yalipo na yanavyofungwa. Tembea kutoka kitandani kwako hadi sitahani, uihesabu milango. Kubalianeni mahali pa kukutana kukitokea lolote. Angalia pia utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa asubuhi ya siku ya safari, kwa sababu dhoruba za radi za Ziwa Victoria hupenda kuzuka usiku na alfajiri, na miezi ya Juni hadi Agosti upepo huamsha mawimbi. Nahodha akiahirisha safari, mshukuru.

Mizigo mikubwa ifungwe siku ya akiba. Chumbani ingia na begi moja dogo: sweta, kwa kuwa sitahani usiku kuna baridi hata kama mchana mlikuwa mnatoka jasho, dawa, maji ya kunywa, tochi, chaja na vitambulisho. Chakula cha njiani kisichoharibika kinapatikana sokoni Mwanza: michembe na matobolwa, viazi vitamu vilivyokaushwa, pamoja na karanga. Wasukuma wamesafiri navyo vizazi kwa vizazi kwa sababu vinashibisha na havichachi.

Siku ya mwisho mjini

Kama unapandia Mwanza, siku ya akiba ina kazi nyepesi za kutosha. Asubuhi nenda Mwaloni, Kirumba, uone dagaa, sato na sangara wanavyouzwa, uelewe ziwa hili linalisha watu wangapi. Kisha chukua boti fupi kwenda Hifadhi ya Taifa ya Kisiwa cha Saanane, kilichoitwa kwa jina la Mzee Saanane Chawandi aliyekuwa akiishi pale kabla serikali haijakifanya bustani ya wanyama mwaka 1964. Kikawa hifadhi ya taifa mwaka 2013. Watoto watawaona pimbi na swala pala bila kusafiri mbali. Saa nane mchana rudini, ogeni, laleni kidogo. Fikeni bandarini kukiwa bado kuna mwanga.

Ukitaka kuanza leo, usianze na orodha ya vivutio. Piga simu moja kuulizia meli. Ukipata tarehe, chora siku zako kwenye karatasi kutoka mwisho kuja mwanzo, ufute chochote kinachoigusa siku ya akiba, hata kama ni Serengeti. Kitakachobaki ndicho unachoweza kukifanya bila kukimbizana, na watu wako watapanda meli wakiwa wamepumzika, wakijua ni nchi ya nani wanayoipita gizani.